Farasi Sita

Mafundi wenzake walimwita Koleo kwa sababu vidole vyake vilikuwa vigumu, ungedhani havisikii moto. Alichomelea bomba, akavuta pumzi mbili, kisha akaligeuza kwa mkono mtupu huku wengine bado wanatafuta glavu. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja tu, mabomba ya moshi ya magari. Alianza kwa kuziba ekzosi zilizotobolewa na kutu, akaishia kutengeneza kile ambacho vijana wa magari ya mbio wanakiita heda: mabomba manne yanayotoka ubavuni mwa injini, kila silinda na lake, yakipishana kama nyoka wanaogombea shimo, hadi yakutane na kuwa bomba moja. La kiwandani huwa pande la chuma zito na fupi, linaubana moshi. La Koleo lilikuwa jepesi, na mishono yake ililala kama magamba ya samaki.

Heda hizo aliziuza shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, mwenye duka la vipuri lenye mlango mpana na maneno mengi. Shemeji ndiye aliyetengeneza maboksi. Ndiye pia aliyeandika juu ya kila boksi, kwa herufi nyekundu: ONGEZA FARASI 25. Koleo hakuwahi kuuliza farasi hao, yaani vipimo vya nguvu za injini, walitoka wapi. Yeye alipeleka mabomba dukani, akarudi kwenye karakana yake kuchomelea mengine.

Jumatatu moja asubuhi, mwalimu wa hisabati wa sekondari ya jirani aliingia karakanani na gari lake dogo jekundu la viti viwili. Alilinunua likiwa limechoka, akalifufua kidogo kidogo kama mtu anayelea mgonjwa. Miezi miwili kabla alikuwa amelifungia heda ya Koleo.

"Fundi, sikuja kugombana," alisema.

"Basi kaa."

Mwalimu akakaa juu ya tairi kuukuu. "Sauti imekuwa nzuri. Mke wangu ananisikia nikiwa bado kule kona ya shule. Ila nikitoka kwenye taa za barabarani, pikipiki zinaniacha. Zamani hazikuwa zinaniacha."

"Pikipiki siku hizi zina mbio."

"Inawezekana. Lakini nimekaa nikafikiri. Farasi ishirini na watano si wachache, fundi. Wakiingia kwenye gari dogo kama hili lazima uwasikie. Mimi sijamsikia hata mmoja."

Koleo alicheka. Mwalimu naye alicheka, kwa adabu, kisha akaaga na kuondoka. Gari lilipokata kona, Koleo aliisikiliza sauti ile nzuri ikipotea, na kicheko kikamkauka mdomoni. Mtu aliyekuja kugombana unaweza kugombana naye, mkamaliza. Huyu alikuwa amekuja na swali.

Alimpigia shemeji yake.

"Karatasi ipo," shemeji alisema. "Ilipimwa na mashine, na mashine haina undugu na mtu. Usiwasikilize walimu, shem. Hao kazi yao kutafuta makosa."

"Nipe hiyo karatasi niione."

"Nitakutumia," alisema.

Karatasi ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu. Ilianza pamoja chini kushoto, ikapanda ikiachana kama ndugu waliogombania shamba. Mwisho wa bluu paliandikwa 117, na mwisho wa nyekundu 142. Koleo aliiweka mezani akala akiwa anaitazama. Shule aliiacha mapema, lakini kutoa alijua, na jibu lilikuwa ishirini na tano kweli. Hata hivyo aliikunja, akaitia mfuko wa shati, na kesho yake akaenda kumtafuta mwanamke aliyejulikana mtaa wa magereji kwa jina la Bi Mizani.

Bi Mizani alikuwa na mashine ya kupimia nguvu za magari, ile ambayo vijana wanaiita daino. Zamani alikuwa mpima ubora katika kiwanda cha nyaya. Kiwanda kilipofungwa, yeye na mashine hii iliyokwisha tumika sehemu nyingine wakaanza maisha upya pamoja. Ilikuwa mapipa mawili ya chuma yaliyofukiwa nusu sakafuni. Gari linapanda, magurudumu yake yanakaa juu ya mapipa, linafungwa kwa mikanda mbele na nyuma, halafu linakimbia palepale huku feni kubwa kama mlango ikilipulizia upepo. Kompyuta inaandika mapipa yamezungushwa kwa nguvu gani. Chumba kilikuwa safi kuliko zahanati. Ukutani palikuwa na kipimajoto, saa, na kibao kilichoandikwa kwa mkono: USINIAMBIE NAMBA UNAYOITAKA.

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, na miwani aliyoifunga kwa uzi shingoni. Watu walisema hana huruma. Kijana mmoja aliwahi kuondoka pale akilia.

Koleo alimpa karatasi bila kusema ni ya nani. Bi Mizani akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, kisha akavuta kiti.

"Kaa hapa upande wangu uone," alisema. "Unaona namba hizi ndogo chini? Hizi ndizo husomwa na wachache. Mstari wa bluu, kabla ya kufunga heda, umepimwa saa saba na dakika arobaini mchana. Mwekundu, baada ya kufunga, ni saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya pili."

"Ina ubaya gani?"

"Wewe mwenyewe ukipewa gunia ubebe, utalibeba vizuri saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Injini ni hivyo hivyo. Hewa ya baridi ni nzito, inaipa nguvu. Mashine inajua kulisawazisha hilo, lakini lazima uiambie joto la chumba. Hapa waliandika nyuzi ishirini na mbili mara zote mbili. Saa saba mchana, pembeni ya injini inayounguruma, nyuzi ishirini na mbili?" Alitikisa kichwa. "Sasa tazama hapa. Bluu ni mbio namba moja. Nyekundu ni mbio namba tisa. Maana yake kabla ya heda walikimbiza mara moja tu. Baada ya heda wakakimbiza mara tisa, wakachagua."

Koleo aliisogeza karatasi karibu na macho yake.

"Na huu mstari wa pembeni, unaanzia mia badala ya sifuri. Ndiyo maana pengo linaonekana kama bonde. Ukiuchora kuanzia sifuri, ni ufa." Akavua miwani. "Sisemi heda haifanyi kazi. Nasema karatasi hii haiwezi kujua kama inafanya kazi au haifanyi. Heda ni ya nani?"

"Ni yangu," Koleo alisema. "Nimeitengeneza mimi."

Bi Mizani alitazama mikono ya yule mtu, ile ngozi ya vidole iliyokuwa ngumu na kung'aa, kisha akamrudishia karatasi yake. Baadaye alimwambia Koleo kwamba kama angelijua, angelisema polepole zaidi. Koleo alimjibu kwamba asingelisikia.

"Unaweza kunipimia vizuri?" Koleo aliuliza.

"Itachukua siku nzima. Nitapima na bomba la kiwandani mara tatu, halafu na lako mara tatu, halafu nitarudisha la kiwandani nipime tena."

"Kwa nini urudishe, na umeshalipima?"

"Kwa sababu siku nayo inabadilika. Lazima nihakikishe kilichobadilika ni bomba."

Mwalimu alikubali kuliazimisha gari kwa furaha ya mtu aliyeona swali lake limechukuliwa kwa uzito. Alhamisi Koleo alilileta, akiwa amelirudishia bomba la zamani la kiwandani, na heda ameibeba pembeni. Bi Mizani alipima upepo wa kila tairi, akafunga mikanda, akawasha feni. Alisubiri hadi injini ifike joto alilolitaka ndipo akakanyaga mafuta. Alimpa Koleo vizibo vya masikio. Koleo alivikataa, kisha gari lilipofika mizunguko elfu sita kwa dakika na kuta zikatetemeka, akanyoosha mkono kuviomba. Bi Mizani alimpa bila kumtazama, ila pembe ya mdomo wake ilicheza.

Namba zilitoka hivi. Na bomba la kiwandani: 127, 128, 127. Koleo akaingia chini ya gari, akafungua bomba, akafunga heda yake kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kila nati kwa zamu. Wakasubiri joto lirudi palepale. Na heda: 134, 133, 134. Akaingia tena chini, akarudisha la kiwandani: 127, 128.

"Farasi sita," Bi Mizani alisema. "Sita na chembe. Na hao ni wa kweli, wamesimama hapo mara tatu bila kuyumba."

"Sita," alisema Koleo.

"Kuna jambo jingine, na sitakuficha. Huko juu, injini ikipiga kelele, umeongeza sita. Huku chini ya mizunguko elfu tatu umepunguza wanne."

"Ndiyo pikipiki."

"Pikipiki gani?"

Akamweleza habari ya mwalimu na taa za barabarani. Bi Mizani alicheka, kicheko kifupi kilichomshangaza hata yeye, akaziba mdomo. "Samahani. Mwalimu ana sikio kuliko karatasi yenu."

Koleo alikaa kwenye ngazi ya mlango, mafuta hadi viwikoni. Watu waliomjua Bi Mizani wangetegemea amwachie karatasi na kugeukia kazi nyingine. Badala yake alichemsha maji, akaleta vikombe viwili vya chai, akakaa ngazi hiyo hiyo, naye akachafua sketi yake.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa," alianza, "nilimpa mtu namba aliyoitaka. Wateja walikuwa hawaji. Yeye alikuwa mzee mwenye gari lake la ujana, ana furaha kama mtoto. Nikaibana mashine kidogo, ikasema alichotaka. Mzee alifurahi mpaka akaiwekea karatasi ile fremu ya kioo, akaitundika sebuleni. Halafu akanialika nyumbani kwake kunishukuru. Nilikaa chini ya ile karatasi saa tatu nzima, fundi. Nakunywa chai, na uongo wangu umenikodolea macho kutoka ukutani. Tangu siku hiyo sijarudia."

Koleo alitabasamu, kisha akauliza alichokuwa akikizunguka. "Mimi nimekosea wapi?"

"Kuchomelea hujakosea. Sijaona mshono kama huo. Lakini mabomba yako ni mapana na mafupi. Moshi unapita haraka injini ikikimbia, ila ikitembea polepole, moshi unalegea humo ndani. Jaribu membamba zaidi, na marefu."

"Marefu hayataingia."

"Si wewe unayeyapinda?"

Hilo Koleo alitembea nalo njia nzima. Miaka minne sasa, tangu mkewe afariki, watu walikuwa wakimsifu tu. Walimsifu kama watu wanavyomsifu aliyefiwa, kwa sauti ya chini, wasije wakamvunja. Huyu mwanamke alikuwa amemwambia kazi yake ina kasoro na inatengenezeka, na Koleo aliona mgongo wake umenyooka.

Lakini kwanza palikuwa na shemeji.

Alimkuta dukani peke yake, anapanga makopo ya oili. Koleo aliweka karatasi mbili juu ya meza, ya zamani na mpya, ubavu kwa ubavu.

"Sita, shem," alisema. "Ulinipa farasi ishirini na watano. Kumi na tisa wako wapi?"

Shemeji hakuzitazama karatasi. Alimaliza kupanga mstari wa makopo, akafuta mikono, akaja kukaa.

"Unakumbuka mwaka ule alipofariki dada?" alisema hatimaye.

"Nitausahau vipi?"

"Hukumbuki. Mimi ndiye ninayekumbuka. Ulilala miezi saba. Nilikuwa naleta chakula, unanifungulia mlango, unarudi kitandani. Mitungi yako ya gesi ilishika vumbi. Dada aliniambia hospitali, na alikuwa hana nguvu hata ya kushika kikombe, akasema, 'Kaka, mtu wangu akikosa kazi ya mikono atanifuata. Usimwache akae bure.' Sasa mimi ningefanya nini? Sijui kumbembeleza mtu. Najua kuuza."

Koleo alizikunja karatasi zile mbili, akazikunjua tena.

"Ile heda yako ya kwanza ilikuwa dukani, haina mnunuzi. Nikaipeleka ipimwe sehemu fulani. Mara ya kwanza ikatoka ndogo. Nikawaambia rudieni. Tukabadilisha kichujio cha hewa, tukabadilisha plagi, tukarudi asubuhi na mapema, tukarudia mpaka ikatoka namba ya kumfanya mtu atoke nyumbani kwake. Nikaandika kwenye boksi. Wiki ile wakaja watatu. Nikakutumia watu wagonge mlango wako. Ukaamka." Alifuta meza kwa kiganja. "Uliamka, shem. Nikasema nitaifuta namba baadaye. Baadaye ikawa miaka mitatu."

Nje mtu alipiga honi. Koleo aliyatazama maboksi yaliyopangwa nyuma ya meza, yote na herufi nyekundu, na akakumbuka asubuhi ile: mlango unagongwa, na yeye anatafuta suruali kwa aibu kwa sababu kuna mteja nje. Hakuwa amewahi kujiuliza mteja yule alitoka wapi.

"Ungeniambia ni sita, ningeamka," alisema.

"Usingeamka."

Koleo alifikiri. "Labda nisingeamka," alikubali.

Kisha Koleo akaweka mkono wake mgumu begani kwa shemeji yake, akauacha hapo. "Umenitunza. Nakushukuru, na siku zote nitakushukuru. Lakini watu walionunua hawakufiwa na mtu. Wao walinunua bomba tu. Nipe majina yao."

"Watakutukana."

"Watukane. Nipe majina."

Walikuwa kumi na wanne. Koleo alikwenda kwa kila mmoja, akawaeleza vile vile alivyoelezwa: huko juu sita, huku chini pungufu ya wanne, na namba ya kwenye boksi haikuwa kweli. Aliwaahidi kwamba akipata umbo bora atawabadilishia. Dereva mmoja wa magari ya mbio alimfokea mbele ya watu, Koleo akasimama akafokewa mpaka mwisho. Daktari wa meno alisema hajali, yeye alinunua sauti. Kijana mwenye gari la buluu alikasirika zaidi kwa kuambiwa. "Mbona nilikuwa naenda kasi mpaka jana?" alilalamika, na Koleo akamwomba radhi tu. Mwalimu, aliyekuwa wa mwisho, alimkaribisha sebuleni akamwomba ile karatasi mpya. Aliitumia kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili somo zima la kusoma grafu.

Kisha kazi ikaanza. Koleo alinunua mabomba membamba, akayapinda, akayakata, akayatupa. Tatizo lilikuwa nafasi, kwani bomba refu halina pa kupita katikati ya injini na usukani. Siku ya Jumamosi Bi Mizani alikuwa hafanyi kazi, akaanza kuja karakanani na daftari. Alipima kila bomba kwa uzi, kwa sababu futi haipindiki, akaandika. Mwanzoni alisimama mlangoni. Wiki ya tatu alikuwa ameshajua kikombe kipi ni chake.

Walizungumza mambo ya kawaida. Bi Mizani alimwambia kwamba aliachika miaka kumi na minne iliyopita, kwa sababu, kwa maneno ya mume, alikuwa mwanamke wa kuhesabu kila kitu. Koleo alimweleza juu ya mkewe: alikuwa mfupi, mkali, mpenda utani, na alipougua alimkataza mtu yeyote kunong'ona nyumbani mwake. Bi Mizani alisikiliza bila kumpa pole. Aliuliza tu, "Alikuwa anacheka vipi?" Koleo akaiga kicheko cha mkewe, cha kupiga paja. Hakuwa amekitoa kifuani mwake miaka yote minne. Akashangaa kuona kwamba hakikumuumiza kama alivyodhani.

Heda ya sita ndiyo iliyokubali. Mabomba yalipita chini, yakazunguka nyuma ya usukani, yakapanda kidogo, yakakutana mawili mawili kabla ya kuwa moja. Walilipandisha gari la mwalimu kwenye mashine. Bi Mizani alirudia yote toka mwanzo, hakuruka hatua hata moja. Juu, farasi wanane. Chini, pungufu ya mmoja.

"Mmoja huyo hata mwalimu hatamsikia," alisema.

"Wanane," alisema Koleo, akakaa chini pale pale sakafuni, na Bi Mizani akamwona mtu mzima anafuta macho kwa mkono wenye grisi, akijipaka masizi shavuni. Alichukua kitambaa safi, akainama, akamfuta. Alifuta polepole, na masizi yalipokwisha aliendelea kidogo.

Maboksi mapya yaliandikwa FARASI 8, na ndani yake mlikuwa na karatasi nzima, na saa, na joto, na namba za mbio zote. Shemeji alilalamika kwamba hakuna mtu atakayenunua wanane wakati duka la ng'ambo ya barabara linauza thelathini. Alikuwa na haki, maana mwezi wa kwanza hawakuuza kitu. Wa pili waliuza mbili, zote kwa watu waliokwisha kununua wale thelathini. Baada ya hapo ziliuzika chache chache, za kutosha mikono ya mtu mmoja. Wale kumi na wanne walibadilishiwa wote, isipokuwa daktari wa meno, ambaye hakutaka kuipoteza sauti yake.

Siku moja mchana shemeji alikuja karakanani, akamkuta Koleo anachomelea huku anaimba. Alisimama nje ya mlango. Koleo hakuwa na sauti ya kuimba, alikuwa akiikosa noti na kuirudia kama mtu anayetafuta nati iliyoanguka. Shemeji alisubiri wimbo uishe ndipo akaingia.

"Huyu Bi Mizani," alisema. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Shem. Mimi ni muuzaji. Mtu anayetaka kitu namjua kabla hajavuka barabara."

Koleo alizima moto, akainua kioo cha uso. "Wewe ni kaka wa mke wangu," alisema taratibu. "Nilikuwa naona tabu kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Shemeji alishika bomba moja, akaligeuza geuza kama anakagua bei. "Dada aliniambia usikae bure. Hakuniambia ukae peke yako. Ningeyasikia kama angeyasema, alikuwa na sauti kubwa."

Koleo alimwambia Jumapili ile, nyumbani kwa Bi Mizani, walipokuwa wanamenya machungwa kwenye veranda. Hakuwa na hotuba. Alisema amezoea kikombe chake kuwa karakanani, na siku ambazo kikombe hakina mtu anazihesabu. Alisema yeye ni mgane mwenye vidole vibaya na masikio yaliyoanza kuchoka, na hakutaka kumwahidi zaidi ya alichonacho.

Bi Mizani alimaliza kumenya chungwa lake, akaligawa, akamwekea nusu kwenye kiganja.

"Mimi bado nahesabu kila kitu," alisema. "Mume wangu wa kwanza hakunisingizia."

"Nimekaa chini ya hesabu zako miezi mitano. Sijawahi kukaa mahali pazuri zaidi."

Bi Mizani akala kipande kimoja, cha pili. Mbegu aliziweka pembeni, zote zikitazama upande mmoja.

"Basi njoo," alisema.

Kabla mvua hazijaanza, Koleo alihamishia karakana yake kwenye chumba kilichopakana na cha mashine. Shemeji alileta gari la mizigo, akabeba mitungi, akaelekeza kila mtu, akavunja taa moja, akasema ilikuwa imeshavunjika. Ukuta uliotenganisha vyumba viwili ulikuwa na mlango wa zamani uliozibwa kwa mbao. Bi Mizani aliziondoa mbao hizo mwenyewe, msumari mmoja mmoja, akaiweka misumari kwenye kopo. Kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajafika, alikaa kwenye kompyuta yake na mlango ukiwa wazi. Upande wa pili cheche zilianza kuruka, na wimbo ukaanza pamoja nazo, umeikosa noti tangu neno la kwanza. Alivua vizibo vya masikio, akaviweka mezani, akaendelea na kazi.